Risasi gani inaangusha ndovu? Mjomba aliniuliza, Babu akanijibu

SIMU ililia saa nne usiku nikiwa kwa keja yangu Nairobi, nikihariri video ambayo hakuna mtu alikuwa ameniomba niihariri. Alikuwa mjomba. Hakunisalimu.

"Wewe si ndiye mtu wa intaneti? Hebu niangalilie kitu. Risasi gani inaangusha ndovu mara moja?"

Nilicheka. Mjomba wangu ni mtu wa mzaha, na mimi ndiye mpwa wake aliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, kwa hivyo kila swali gumu la familia linaletwa kwangu ati kwa sababu nashinda kwenye mtandao. Lakini yeye hakucheka. Ndipo nikasimamisha video.

Mjomba analima upande wa Makima, Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu. Ukiwa kwake, Hifadhi ya Mwea haiko mbali. Ni msitu mkavu wa kilomita 42 mraba pale Mto Thiba unapoingia Tana. Ilikuwa Januari 2024, ndengu zimeiva, mahindi yamekauka yanangoja kuvunwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndovu walikuwa wamepita. Kile hawakukula walikikanyaga. Alikuwa amejaza fomu mahali, akaambiwa asubiri. Sasa kuna jamaa, hakutaka kumtaja, ambaye ana bunduki, na wawili hao walikuwa wamekaa chini wakapiga hesabu.

"Nipe wiki moja, mjomba," nikamwambia. "Hilo si swali la kujibiwa kwa simu."

Ukweli ni kwamba nilidhani jibu ninalo. Mimi ni mmoja wa wale vijana wanaotazama video za uwindaji usiku, bando ikiisha ndipo nalala. Kuna wazungu wa Texas na makaburu wa Afrika Kusini wanaweza kubishana saa nzima kuhusu uzito wa risasi moja. Nilijua majina yote. .375 H&H. .416 Rigby. .458 Winchester. Nilikuwa nayataja kama mtu anayetaja wachezaji wa Arsenal. Lakini sijawahi kushika bunduki, na ndovu wa karibu zaidi niliyewahi kumwona alikuwa ng'ambo ya barabara pale msitu wa Imenti, mimi nikiwa ndani ya matatu, dereva amezima injini na abiria wote tumenyamaza kama tuko kanisani.

Ila namjua mtu aliyewahi kubeba hizo risasi mfukoni. Mimi ni nusu Mbeere, nusu Meru, na babu mzaa baba anaishi Igembe, juu kidogo ya Maua, kwenye mteremko wa Nyambene. Miaka ya mwisho ya sitini hadi sabini alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wenye leseni, wale waliokuwa wakipewa vitalu upande wa Isiolo. Jumamosi nikapanda matatu.

Babu yuko karibu na miaka 80. Shamba lake ni la miraa lakini yeye mwenyewe hatafuni tena, anasema meno yalistaafu kabla yake. Nilimpa sukari na majani chai, nikamwambia habari za nyumbani, na baada ya kikombe cha pili nikaleta swali. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kimeru, nayatafsiri jinsi ninavyoweza.

"Babu, risasi gani inaangusha ndovu mara moja?"

Hakushtuka. Aliuliza, "Amesimamaje?"

Sikuelewa.

"Ndovu wako. Amekuangalia? Amekupa ubavu? Ameinua kichwa au amekishusha? Wewe unaniuliza habari ya panga kabla hujaniambia unakata nini."

Kisha akaniomba nilete boga jikoni, akalishika mikononi kama kichwa cha mnyama, na kwa muda wa nusu saa hivi nikapata somo ambalo zile video zote hazijawahi kunipa.

Kichwa cha ndovu, ukikitazama kwa mbele, ni kama ukuta wa nyumba. Lakini sehemu kubwa ya ukuta huo ni mfupa wenye vijumba vya hewa, kama sega la nyuki. Umeumbwa hivyo ili kichwa kisimwelemee mwenyewe. Ubongo umejificha nyuma na chini, katikati ya masikio, na ukubwa wake ni kama mkate mmoja mkubwa. Ukipiga pale juu ambapo mtu asiyejua angepiga, risasi inapita kwenye sega, ndovu anatikisa kichwa, anaondoka na maumivu yake. Au anakuja kwako.

Hapo ndipo suala la risasi linapoanza kuwa na maana.

Tunaposema risasi tunachanganya vitu. Ile unayoingiza kwenye bunduki ina ganda la shaba, ina fataki ndogo ya kuwashia kitakoni, ina baruti, na mbele ina kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Mabishano yote ya wawindaji ni kuhusu hicho kichwa. Kuna vichwa laini, ambavyo ncha yake ni madini ya risasi yaliyoachwa wazi. Kikigonga nyama kinafunguka kama uyoga, kinakuwa kipana, kinapasua njia kubwa kisha kinasimama ndani. Hicho ni cha pofu, ni cha kuro, ni cha simba pia, maana simba ni mkali lakini ngozi yake si nene. Halafu kuna vichwa vigumu, vilivyofunikwa kote kwa chuma na shaba, au siku hizi vinachongwa kwa shaba tupu. Hivyo havifunguki. Kazi yake ni kwenda tu, moja kwa moja, kupitia mfupa bila kupinda.

"Mfuko wa kulia, ngumu. Mfuko wa kushoto, laini," Babu akasema, na mikono ikaenda mifukoni yenyewe, miaka hamsini baadaye. "Bwana akinyosha mkono nyuma bila kugeuka, lazima ujue anataka ipi. Alikuwa akinijaribu usiku kwenye giza. Natambua kwa kidole gumba. Ngumu ina pua ya mviringo, laini kama kokoto ya mtoni. Nyingine unahisi pale shaba inapoishia."

Kwa nyati, wengi walianza na moja laini kisha ngumu zinafuata, kwa sababu nyati akishajeruhiwa anakupa mgongo au anakuletea pembe, na hali zote mbili unahitaji kitu cha kuingia ndani sana. Kwa ndovu, kifaru na kiboko wa nchi kavu, ngumu tupu. Ukimpiga ndovu kichwani kwa risasi laini inafunguka kabla haijafika. Inakwama kwenye sega.

Nilimwonyesha Babu simu yangu, nikamwambia kuhusu namba. Niwawekee na nyinyi, kwa sababu najua kuna mtu atauliza. Ile .458 Winchester, iliyotoka Marekani mwaka 1956, inatupa kichwa cha gramu 32 hivi. Ile .375 ya Holland & Holland ya London, ya mwaka 1912, inatupa gramu 19, lakini kwa mwendo wa kasi zaidi, na hadi leo Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii bado ni halali, ndicho kipimo cha chini kwa wanyama hatari. Risasi ya AK-47 ina gramu 8. Namba hiyo ya mwisho ikumbuke, tutairudia.

Babu hakuvutiwa. Alisema .458 za mwanzo zilikuwa na sifa mbaya. Ni kweli, nilikuja kusoma baadaye. Baruti ilikuwa imeshindiliwa sana ndani ya ganda dogo, na ikikaa kwenye joto la Afrika ilikuwa inagandamana, haiungui yote, risasi inatoka ikiwa imechoka. Fikiria umesimama hatua ishirini kutoka kwa ndovu halafu bunduki inakohoa. Mmarekani mmoja, Jack Lott, alipigwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akapona, na mwishowe akabuni risasi yake mwenyewe yenye ganda refu zaidi.

Na si lazima risasi iwe kubwa. Hapa ndipo wanaume wa video hunyamaza. Mskoti mmoja, Walter Bell, ambaye watu wanamjua kwa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake kule Karamoja, Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo kichwa chake ni gramu 11 hivi. Siri yake ilikuwa risasi ngumu, mkono usiotetemeka, na fuvu la ndovu alilolipasua kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Namtaja ili mwelewe hesabu ilivyo. Simsifu. Ndovu elfu moja ni wengi kuliko wote waliokuwako Mwea mwaka 2024 mara sita.

Huku kwetu pia walipita. Arthur Neumann, Mwingereza, aliweka kambi miaka ya 1890 chini ya hii hii milima ya Nyambene, akiwinda pembe. Mwaka 1896, upande wa Ziwa Turkana, ndovu jike alimjia, akavuta kifyatulio cha Lee-Metford yake na kikalia tu ka! Risasi haikuwa imeingia kwenye chemba. Ndovu alimkanyaga na kumchoma. Alipona, ila ilimchukua miezi. Risasi nzuri kuliko zote ni ile iliyo ndani ya bunduki.

Nikarudi kwa jambo lililonileta. Nikampigia mjomba pale pale, nikaweka simu kwa spika.

"Mjomba, huyo jamaa wako ana bunduki gani?"

Kimya kidogo. "Ile ya kukunja. Ya bomba mbili. Ya kupigia kanga."

Babu alifunga macho. Bunduki ya marisau! Vijipande vidogo vya risasi ambavyo vinatawanyika. Kwa ndovu ni kama kumtupia punje za mchanga wenye moto. Vinaingia kwenye ngozi, vinakaa, vinaoza, na mnyama anajua vimetoka wapi.

"Mwambie mjomba wako achimbe kaburi kwanza," Babu akasema. "Lake. La ndovu halitahitajika."

Mjomba alisikia. Alisema shikamoo, mzee, sauti ya chini, kama mtoto wa shule.

Babu aliwahi kufuata ndovu mmoja aliyejeruhiwa, siku tatu. Hakutaka kuniambia nani alimjeruhi. Alisema tu kwamba harufu ndiyo iliyowaongoza siku ya tatu, na kwamba yule ndovu alikuwa akijaribu kufika majini. Kwa sheria ya wawindaji wa wakati huo, ukijeruhi lazima umalize, haijalishi ni usiku, haijalishi mteja wako amechoka anataka kurudi kambini. Wengi hawakumaliza. Ndovu walifungwa kwa wawindaji wa leseni mwaka 1973, na Mei 1977 serikali ikafunga uwindaji wote wa wanyama, ikabaki ndege tu. Babu alirudi nyumbani akapanda miraa.

Mtu angedhani risasi ziliisha hapo. Zilizidi. Waliokuja baadaye hawakuwa na leseni wala kipimo cha chini, walikuwa na AK, na sasa rudi kwa zile gramu nane. Hawakupiga ubongo. Walimiminia mnyama risasi nyingi popote zitakapoingia, kisha wakakata uso kwa shoka, wakati mwingine akiwa bado hajafa. Novemba 1988, katika Mbuga ya Meru, vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi wa askari waliuawa karibu na makao makuu ya mbuga yenyewe. Babu anakumbuka watu wa Maua wakiongea kwa minong'ono. Mwaka uliofuata, Agosti 1989, George Adamson alipigwa risasi akafa kule Kora, ng'ambo ya Tana. Ni yule mzee ambaye mwaka 1956 aliua simba jike aliyemjia, akakuta ameacha watoto watatu, na mmoja wao akawa Elsa, ambaye kaburi lake liko ndani ya Mbuga ya Meru mpaka leo. Ukienda utaliona, karibu na Mto Ura.

Nilimwambia mjomba pia habari ya sheria, kwa sababu mtu lazima aiseme. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka. Shamba lake lote, na langu ambalo sina, haviwezi kufika hapo. Sheria hiyo hiyo inasema mtu akiuawa na mnyama familia inalipwa Sh5 milioni. "Kwa hivyo mimi nikifa nina thamani," mjomba akasema, "lakini mahindi yangu yakifa ni shauri yangu." Sikuwa na jibu. Bado sina.

Anayeruhusiwa kupiga risasi ndovu aliyekuwa hatari ni afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na hiyo ni hatua ya mwisho. Kabla ya hapo kuna risasi nyingine, ambayo haina baruti.

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda sana kuifuatilia. Mshale wa dawa unarushwa kwa bunduki ya hewa iliyobanwa, na daktari anayeutumia ana mabishano yale yale ya wawindaji, ila yamepinduliwa. Ukirusha kwa nguvu kidogo unadunda kwenye ngozi. Ukizidisha unavunja mfupa. Sindano iwe ndefu ya kutosha kuvuka ngozi na kufika kwenye msuli, na shabaha ni matako au bega, pale penye nyama nyingi, mbali kabisa na ule ubongo Bell aliokuwa akiutafuta. Dawa yenyewe inaitwa etofini, au M99, na ina nguvu mara elfu moja na zaidi kuliko mofini. Tone likikudondokea kwenye kidonda linaweza kukuua, ndiyo maana madaktari hawatoki bila dawa ya kuizima. Mmoja wa walioiendeleza kwa wanyama wakubwa ni Toni Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Uganda na Kenya miaka ya hamsini na sitini. Ile filamu ya runinga ya Marekani iliyoitwa Daktari ilichota kwa maisha yake. Wazee wenu wataikumbuka.

Ndovu akidungwa anatembea dakika chache, anayumba, anaanguka. Hapo mbio zinaanza. Akilalia kifua uzito wake unabana mapafu, kwa hivyo lazima avutwe kwa kamba alale ubavu. Ncha ya mkonga inawekwa kijiti ili isijifunge. Masikio yanamwagiwa maji, maana huko ndiko anakopoza damu.

Oktoba 2024 waliyafanya haya yote nyumbani kwa mjomba. Hifadhi ya Mwea, ambayo inaweza kubeba ndovu 50, ilikuwa imefikisha 156. Mwaka 1979 walikuwa 49. KWS ilileta ndege, kreni na malori, na kundi la kwanza, ndovu wapatao 50, likahamishiwa Mbuga ya Aberdare yenye kilomita zaidi ya 760 mraba. Kazi ilikuwa inaanza saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Nilitazama kwenye simu, nikiwa Nairobi. Ndovu alikuwa amening'inia kwenye kreni, miguu juu, kama gunia. Ukiangalia bila kujua utadhani ni maiti. Kisha unaona sikio linacheza.

Nilimpigia Babu nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu, kama walipigwa ubavuni au kwa nyuma. Nikasema kwa nyuma. Akasema, "Sawa."

Mjomba alipiga usiku huo, saa nne tena. Jirani zake walikuwa wamesimama kando ya barabara kuona malori yakipita, watoto wamebebwa mabegani. Yule jamaa wa bunduki ya kanga pia alikuwepo, akipiga picha. Ndengu za msimu huo zilikuwa zimeanza kuchipua.

"Lakini wamebaki zaidi ya mia," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Wengine watahamishwa."

"Lini?"

"Sijui."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia mtu akigonga debe huko nyuma, kwa mbali, kisha mbwa.

"Na hiyo sindano," mjomba akasema, "inauzwa wapi?"